Fuwele Zilizovuka Mpaka Bila Mimi

Waliondoka Alhamisi asubuhi kwa gari la kukodi, watu watatu, na fuwele zangu zikiwa nyuma ndani ya chombo kinachofanana na chupa kubwa ya chai. Mimi nilibaki ukingoni mwa barabara, nje ya jengo la maabara katikati ya Toronto, nimevaa koti la mama mdogo, nikiwapungia mkono mmoja kama mtu anayesindikiza wageni wa harusi. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni, nimekunja ngumi.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Simu za kugusa kwa kidole ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini, na kwenye maabara yetu mwenye nayo alikuwa profesa peke yake. Nilikuwa nachunguza kimeng'enya kimoja cha kijidudu kinacholeta ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe kwetu. Baba alikuwa bwana mifugo Mpwapwa. Nimekua nikimwona akirudi na buti zenye matope, ananawa mikono kimya kwenye beseni la nje, na kwa ule ukimya tulijua ndama wa mtu wamekufa. Kwa hiyo sikuingia kwenye kazi hii kwa kupenda fuwele. Ukitaka dawa ya kukizuia kimeng'enya, lazima kwanza ulijue umbo lake, na umbo la kitu kidogo kiasi kile halionekani kwa hadubini ya kawaida. Inabidi uigandishe ile protini iwe fuwele, kama chumvi inavyoganda maji yakikauka, kisha uipige kwa mwali wa eksirei. Mwali ukipita ndani unatawanyika na kuacha madoa, na kwa kuyapima yale madoa unarudi nyuma kwa hesabu mpaka umbo linajitokeza.

Kulieleza ni rahisi. Kuzipata fuwele zenyewe kulinila karibu miaka miwili. Protini ilikuwa inageuka tope, au utando kama wa maziwa yaliyochemka, au haifanyi chochote kabisa. Mara moja nilipata fuwele nzuri sana, nikaita watu, na zikawa chumvi ya mezani. Mtafiti mwenzangu aliyekaa benchi linalotazamana na langu, ambaye alikwisha kupata uzamivu wake na alikuwa anatafuta kazi ya kufundisha, aliniambia nizinyunyize kwenye viazi vya kukaanga. Nilicheka pamoja naye. Alikuwa mcheshi, na ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuokota fuwele kwa kitanzi cha uzi mwembamba kuliko unywele na kuizamisha kwenye nitrojeni ya majimaji kabla haijakauka.

Kisha majira fulani ya baridi zikatokea zenyewe, za kweli, ndogo kama chembe za sukari, zenye pembe kali. Profesa aliinama kwenye hadubini muda mrefu.

"Hizi ni zako?" aliuliza, kana kwamba ningeweza kuwa nimeziazima.

"Ni zangu."

Mashine ndogo ya eksirei tuliyokuwa nayo chini ya jengo ilitoa madoa machache yaliyofifia. Zilihitaji mwali wa nguvu, na mwali wa nguvu unapatikana kwenye sinkrotroni, jengo la duara linaloweza kumeza kiwanja cha mpira, ambamo elektroni zinazungushwa kwa kasi mpaka zinamwaga eksirei kali kuliko ya hospitali mara nyingi mno. Maabara yetu ilikuwa inapata zamu kwenye moja iliyoko Marekani, mwendo wa siku nzima kwa gari. Wenzangu walikuwa na pasipoti ambazo wakiamua Jumatano, Alhamisi wanakwenda. Mimi nilikuwa na ya Tanzania.

Niliomba viza mapema. Afisa dirishani aliniuliza nasoma nini, nikamweleza.

"Hicho kijidudu kinaua watu?"

"Kinaua ng'ombe."

"Kinaweza kubadilishwa kikaua watu?"

Nilimwambia hapana, na kwamba sina kijidudu chochote, nina protini yake moja tu tena iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa maabara. Akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Nikaambiwa kuna uchunguzi wa ziada, nisubiri. Nikasubiri. Zamu yetu ilipofika nilikuwa bado nasubiri.

Kilichoniuma zaidi ni karatasi ya forodha. Niliiandika mwenyewe usiku wa kuamkia safari ile, nikaibandika kwenye chombo: fuwele za protini, si hatari, hazina thamani ya biashara. Hiyo ilitosha. Kitu nilichokipika kwa mikono yangu kiliruhusiwa kuvuka mpaka kwa karatasi moja, na mpishi akaambiwa achunguzwe.

"Usijali," mwenzangu wa benchi aliniambia akifunga buti la gari. "Nitazitazama kama zangu."

Nilirudi nyumbani Rexdale mchana, jambo nisilolifanya kamwe siku za kazi, kwa treni ya chini hadi kituo cha Kipling na kisha basi. Nilikuwa naishi na mama mdogo na binti yake, ghorofa ya juu kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa na tabia zake. Alifanya kazi kiwandani karibu na uwanja wa ndege, wanapopika na kupakia chakula cha abiria wa ndege, na siku ile alikuwa ametoka zamu ya alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema? Wamekwenda?"

"Wamekwenda."

Aliniangalia nikivua viatu kwa kuvirusha. "Mwanangu, mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu wamezipakia kwenye gari, mama. Wamekwenda nazo."

Alisukuma sahani ya wali kuelekea kwangu na kuwasha televisheni.

Jumamosi mwenzangu alipiga simu wakiwa njiani kurudi. Sauti yake ilikuwa ya msibani. "Pole sana. Fuwele zako hazikutoa kitu. Tumezijaribu zote, hakuna hata doa la maana."

Nilimshukuru. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba nilimshukuru kwa kujaribu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonichemsha damu hadi leo nikikifikiria. Nilianza upya. Niliamini kosa ni langu, kwamba fuwele zangu ni nzuri kwa nje na zimevurugika ndani, jambo ambalo hutokea. Nilibadilisha chumvi, nikabadilisha joto, nikakata ncha ya protini nikaitengeneza tena. Theluji ikayeyuka, watu wakatoka na kaptula, mimi nikawa bado niko kwenye chumba cha baridi nimevaa koti. Profesa aliniita akasema kwa upole kwamba huenda mradi huu umefika ukingoni, na kuna mradi mwingine salama zaidi ningeweza kuuchukua. Nilimpigia baba nikamwambia haikufaulu. Akauliza kama ninakula.

Fuwele zenyewe zilikuwa zimerudishwa kwenye tangi la nitrojeni, kila moja kwenye kitanzi chake juu ya kipini chake. Hakuna mtu anayeangalia fuwele zilizokufa. Mimi nilizitoa kwa sababu nilitaka vile vipini, nivioshe nivitumie tena.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mwali wa sinkrotroni unachoma. Fuwele iliyopigwa ukiitoa kwenye baridi na kuiweka chini ya hadubini, unaona alama pale mwali ulipopita: doa la rangi ya chai, wakati mwingine na mapovu. Mtu yeyote wa kazi hii anaijua alama hiyo. Niliweka ya kwanza, nikairekebisha hadubini. Ilikuwa safi. Ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu, kama zinavyoyeyuka zote zikitoka kwenye baridi, lakini kabla haijaisha niliiona nzima, angavu, bila doa. Nikafikiri hiyo waliiruka. Nikatoa ya pili. Safi. Ya tatu safi. Nikachukua kipini kimoja cha mwenzangu kutoka kisahani cha jirani, kilichosafiri safari ileile, na hicho kilikuwa na alama ya kahawia iliyokatiza katikati kama njia ya mchwa.

Niliacha. Kila niliyokuwa naitazama nilikuwa naiua, na zilizobaki tangini zilikuwa bado hai. Nililifunga tangi, nikanawa uso kwenye sinki la maabara ambalo hairuhusiwi kunawia uso, nikaenda kwenye benchi lake.

"Ulizipiga fuwele zangu?"

"Nilikwambia."

"Njoo uangalie."

Alikuja. Nilikuwa nimeacha kipini chake chini ya hadubini, ile kahawia ikiwa bado kwenye mabaki, na pembeni kimoja changu ambacho mabaki yake yalikuwa angavu, hayajakauka. Alitazama, akatazama tena, bila kuinua kichwa.

"Labda mwali ulikuwa dhaifu wakati huo."

"Huohuo uliochoma zako?"

Akainua kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Sikiliza. Muda ulituishia. Mwali ulikatika Ijumaa mchana wakakaa wanautengeneza, tuliporudishiwa zilibaki saa chache. Nikaona kukwambia hazikutoa kitu itakuwa rahisi kwako kuliko kukwambia hatukuzifikia."

"Rahisi kwangu."

"Ndiyo. Sikutaka uumie."

Kama angesema amesahau, au alizipenda zaidi fuwele zake, nadhani ningemwelewa siku fulani. Lakini alinitazama kwa huruma kweli, kama mtu aliyenifanyia hisani, na mimi nilikuwa nimeutupa msimu mzima nikitafuta kosa kwenye kazi isiyo na kosa. Sikumtukana. Kiingereza changu kinapokimbiwa na maneno kinakuwa cha adabu sana. Nilimwambia, "Naomba uondoke hapa," na lilikuwa benchi la wote.

Profesa alinisikiliza mlango ukiwa wazi, nikaufunga mimi.

"Naona ni kutoelewana," alisema.

"Alisema amezipiga. Hakuzipiga. Hapo hakuna cha kutoelewana."

"Ana shinikizo kubwa. Anatafuta kazi. Wewe bado una muda."

"Ulitaka niuache mradi."

Alisogeza kikombe chake kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Nikamwambia ninachotaka: zamu inayofuata niikusanye data mwenyewe. Sinkrotroni ile ilikuwa imeanza kuruhusu watu waendeshe mashine wakiwa mbali, kwa kompyuta, roboti ikiwabadilishia fuwele. Alisema sheria yao inataka mtu afundishwe kwanza na mtaalamu wa kituo, na mimi siwezi kwenda. Alilisema hilo la mwisho kama vile ni hali ya hewa.

Niliomba namba ya mtaalamu mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, kama mvutaji sigara, na alikuwa anatafuna nilipompigia. Nilimweleza kuhusu viza. Sikumweleza kuhusu mwenzangu, nilikuwa na aibu ambayo haikuwa yangu. Alitafuna hadi mwisho.

"Sheria inasema nikufundishe mimi," alisema. "Haijasema tuwe chumba kimoja. Una simu?"

Kwa hiyo nilijifunza kwa simu, wakati wake wa chakula cha mchana, spika ikiwa mezani na skrini mbele yangu. Alikuwa mkali. Nikibonyeza kitu kabla hajamaliza kusema alikuwa ananyamaza mpaka niombe radhi. Nilimpenda sana, na sijawahi kumwona uso.

Fuwele zangu zikavuka mpaka tena, safari hii kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, na ile karatasi yao ya forodha. Zilezile zilizobaki, zilizotangazwa kufa. Profesa alishauri nipeleke mpya. Nilikataa. Nilitaka zilezile.

Zamu yetu iliangukia Jumamosi asubuhi. Mama mdogo hakuwa kazini, akasema anakuja. Sikumkatalia kwa sababu alishavaa viatu. Tukashuka hadi chumba cha chini cha jengo la maabara, hakina dirisha, kina kompyuta na kiti kimoja kizuri, nikampa hicho. Alikaa bila kuvua koti, begi la chapati mapajani.

Kwenye skrini mkono wa roboti ulizama kwenye nitrojeni, ukatoka na kipini kinachofuka moshi wa baridi, ukakiweka mbele ya mwali. Picha ikakua: kitanzi, na ndani yake fuwele. Nikaipanga katikati ya alama ya msalaba kwenye skrini, nikaizungusha, nikaipanga tena.

"Huo mkono uko wapi?" mama mdogo aliuliza.

"Marekani."

"Na wewe ndiye unauendesha."

"Mimi."

"Ukiuambia fanya hivi, unafanya."

"Unafanya, mama."

Alifikiri. "Sasa walikuzuia nini?"

Kwa mara ya kwanza niliona amekasirika yeye. Alifungua begi akakata chapati vipande, kwa nguvu kuliko chapati inavyohitaji.

Fuwele ya kwanza ilikuwa imeingia barafu, picha ikatoka na miduara kama ya maji yaliyorushiwa jiwe. Ya pili ilikuwa imepasuka, madoa yakaburuzika kama wino uliolowa. Yule mtaalamu kwenye spika alisema tu, "Inayofuata." Ya tatu niliizungusha, mwali ukapiga, na skrini ikajaa madoa madogo meusi, makali, yamejipanga safu kwa safu kutoka katikati mpaka kwenye pembe kabisa za picha.

Spika ikakwaruza: "Nani alikwambia hizi hazitoi kitu?"

"Mtu," nikasema.

"Kusanya zote. Usiguse kingine."

Mama mdogo alikuwa amesogeza uso karibu na skrini. "Hivi vidoti ndivyo?"

"Ndivyo."

Alitoa simu na kadi ya kupigia nje, akakwangua, akampigia shemeji yake Mpwapwa pale pale, huku mimi mkono mmoja uko kwenye kompyuta. Nilisikia sauti ya baba kwa mbali, na jogoo wa mtu. Nilimweleza kwa kifupi.

"Sasa dawa itapatikana lini?" baba aliuliza.

"Bado sana, baba. Bado miaka."

"Haya. Nimeelewa. Salimia wenzako."

Tulikusanya data ile hadi saa za mchana. Ningependa kusema nilifurahi, na kuna dakika nilifurahi. Lakini kila picha mpya ilipofunguka, nzuri kuliko iliyotangulia, nilikuwa nahesabu moyoni zile nilizoziyeyusha kwa mkono wangu ili nijue ukweli, na msimu ule nilioumaliza ndani ya chumba cha baridi. Uthibitisho kwamba ulikuwa na haki si dawa ya hasira. Kwangu uliichochea.

Umbo lilipatikana. Lilikuwa na mfuko mdogo upande mmoja ambao kimeng'enya cha ng'ombe mwenyewe hakina, na hilo ndilo jambo analotaka kusikia mtengeneza dawa: dawa ikijichomeka humo itamzuia kijidudu bila kumdhuru ng'ombe. Niliandika makala. Profesa aliirudisha ikiwa na jina la mwenzangu baada ya langu.

"Kwa nini?"

"Alishiriki safari ya kwanza ya kukusanya data."

"Safari ambayo hakukusanya."

"Alikwenda," profesa alisema. "Na jina lake halikupunguzii wewe chochote."

Nilikataa kuituma. Makala ikakaa mezani, wiki zikapita, profesa akaniambia bila jina lile haitoki, na bila makala haoni nitatetea nini mbele ya watahini. Kibali changu cha kusoma kilikuwa kinakaribia mwisho. Nikatuma. Lipo mpaka leo, jina lake, yeyote anayelitafuta atalikuta limekaa pembeni ya langu. Katika miezi hiyohiyo nikajibiwa kuhusu viza, kwamba ombi langu limepitwa na wakati na kama bado nina haja niombe upya. Sikuomba.

Mwenzangu alipata ile kazi ya kufundisha. Siku ya kumuaga tulikusanyika chumba cha mikutano mchana, keki mezani, vikombe vya karatasi. Alisema maneno mazuri juu ya kila mtu. Alipofika kwangu akasema anajivunia hasa kazi yetu ya ndigana, fuwele zetu ngumu zile, na jinsi tulivyohangaika nazo pamoja.

"Hukuiweka hata moja kwenye mwali," nilisema.

Sikupaza sauti. Nilisema kama mtu anayetaja saa. Watu walitazama vikombe. Yeye alitabasamu, kisha tabasamu likakosa pa kwenda. Profesa akachukua kisu, akauliza nani anataka kipande chenye maua. Nikaweka kikombe changu chini, nikachukua koti, nikatoka.

Nilipofika nyumbani mama mdogo alikuwa anasonga ugali. Nilimsimulia nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko.

"Umesema mbele ya watu wote?"

"Mbele ya wote."

"Na keki hukula."

"Sikula."

"Hapo sasa umewaachia keki." Aliendelea kusonga, mgongo umenielekea. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote niliyoishi naye hakuwa amelisema. Kiwandani, kila anayefanywa msimamizi wa laini ya kupakia anayofanyia mama mdogo amefundishwa kazi na yeye. Wanaletwa, anawaonyesha, wanapandishwa, kisha wanarudi kumwambia aongeze kasi. Wa mwisho alipandishwa wiki ileile. Alilisema bila kuhuzunika, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.

"Na wewe uliwaambia nini?" niliuliza.

"Nilisema hongera." Aligeuza ugali kwenye sahani. "Leo na mimi nimekasirika. Lete mboga."

Nikaleta mboga. Tulikula, kila mmoja na hasira yake, na binti yake alipotoka chumbani akauliza kwa Kiingereza kuna nini, mama mdogo alimjibu kwa Kiswahili anawe mikono, akae.